Birika la Monemvasia na Bukta ya Coastal Union

Kwanza kabisa, ile voisi ya shemeji yangu inayozunguka kwenye magrupu ya Watanzania wa Ugiriki, ya jinsi nilivyokwama kwenye birika la maji la gofu tulilokwenda kununua Monemvasia, ina chumvi. Sikulia. Yule baghala, mnyama wa mizigo aliyenivuta, hakunikataa mara mbili. Na sikuwa uchi, nilikuwa na bukta. Mengine ni kweli, ila kwa kuwa yeye kayasimulia huku akicheka mpaka anakohoa, acheni niyapange mwenyewe.

Habari ya gofu wengi mnayo. Mke wangu kwao ni Peloponnese, kusini mwa Ugiriki, na tangu tuoane wimbo wake ni mmoja tu: Monemvasia. Mimi baharia wa zamani, niliyemalizia nguvu zangu kukwangua kutu za meli pale Perama, kwenye karakana za meli karibu na Athens, nilijua nikipata vijisenti nitarudi Tanga nijenge Raskazone. Kumbe vijisenti vilishapangiwa kazi. Monemvasia ni jabali lililosimama baharini, limeungwa na bara kwa njia nyembamba, na mji wenyewe umejificha upande wa pili, huuoni mpaka uingie langoni. Gari unaliacha nje ya ukuta. Humo ndani ni mawe, ngazi na paka, na mfuko wa chokaa ukiutaka nyumbani kwako utaupandisha kwa mgongo wa mnyama au wa kwako. Gofu lina vyumba viwili, kimoja juu ya kingine, na cha juu hakina paa. Kwa bei ile Tanga ungejenga ghorofa na chenji ukanunua boti. Nililisema hilo nyumbani mara moja, nikatazamwa, nikanyamaza.

Siku ya ukaguzi tukawa kundi: bibi muuzaji na nguo zake nyeusi, mhandisi, binti wa ofisi ya mambo ya kale (jabali zima linalindwa, pale hata dirisha hulibadilishi bila kibali), mke wangu, na shemeji aliyetoka Athens "kunisindikiza". Mimi nimetinga suruali nyeupe ya kitani, maana baada ya hapo tulikuwa na miadi kwa mthibitishaji wa mikataba. Mfuko wa nyuma, hundi ya benki, arubuni ya nyumba.

Mnaonifahamu mnajua ugonjwa wangu. Nikiona nyumba ya mawe nageuka mwalimu. Babu yangu alikuwa fundi chokaa Pangani, basi tabu. Mhandisi akawa anaeleza kwamba jabalini hakuna chemchemi, kwa hiyo chini ya sakafu za nyumba yalijengwa mabirika. Mvua inakusanywa paani, inateremka kwa mfereji hadi chini, na kuta za birika zimepigwa lipu ya chokaa iliyochanganywa na unga wa vigae, ndiyo maana ina uwaridi-waridi na haipitishi maji. Mwenye akili angesikiliza. Mimi nikamkatiza: "Najua, najua. Sikilizeni mwangwi." Nikapanda juu ya kifuniko cha mbao, nikapiga kisigino. Ngo! "Mnasikia? Birika kubwa hilo." Nikapiga tena, safari hii kwa nguvu, kwa sababu shemeji alishatoa simu na nilitaka video itoke vizuri.

Wadau, ubao hauvunjiki ghafla. Kwanza ulitoa sauti ndogo, kriii. Nikainamisha macho, nikaona unga laini wa mbao umemwagika kwenye ncha ya kiatu changu. Nikapata hata wasaa wa kuwaza, "huu umeliwa na dumuzi huu". Kisha mguu wa kulia ukazama. Wa kushoto ukaufuata kwa adabu. Sakafu ikapanda kunilaki, ikaja ikasimama usawa wa kifua. Kitambi hiki mnachokisimanga kila Eid ndicho kilichoniokoa: kilikaba mdomo wa birika barabara, hata hewa haipiti. Miguu inaning'inia kwenye baridi. Mikono nimeitandaza sakafuni, nikiinua mmoja, nashuka kidogo.

Kimya. Bibi akapiga ishara ya msalaba. Mke wangu akauliza, "Hundi iko wapi?" Mimi niko wapi hakuuliza, mimi alikuwa ananiona.

Binti wa mambo ya kale akasema kwa upole kwamba tusiguse kitu. Akafungua begi, akatoa kile kirula chao cha mapande meusi na meupe, akakilaza sakafuni pembeni ya kwapa langu, akapiga picha. Akazunguka, akapiga na upande wa pili. Uharibifu lazima uingie kwenye kumbukumbu, alisema. Kwa hiyo leo, ndani ya faili la serikali ya Ugiriki, kuna nusu ya juu ya mtu wa Tanga, imepimwa kwa sentimita.

Bibi akaleta kigoda akaketi mbele yangu. Mkononi ana kisahani cha vipande vya chungwa vilivyopikwa kwenye sukari, vile wanavyomkirimu mgeni. Mikono yangu iko kazini, ikabidi anilishe. "Kula, mwanangu." Nikafungua mdomo. Ndipo akaanza habari ya bei. Asubuhi yote nilikuwa nimemkazia apunguze, na alishaanza kulegea. Lakini nani atakupunguzia bei ukiwa umekwama kwenye sakafu yake? Wafaransa waliuzingira mji huu miaka mitatu, inasimuliwa wenyeji walikula hadi panya na paka kabla ya kusalimu amri mwaka 1248. Mimi kijiko cha tatu tu nilishakubali bei yake yote.

Uokozi ulitoka uchochoroni, kwa mzee aliyekuwa akipitisha mchanga wa jirani. Kamba ikapita kwapani kwangu, ikatoka mlangoni, ikafungwa kwenye tandiko la baghala. Baghala akavuta hatua moja, akasimama, akageuza shingo akanitazama. Mara moja, shemeji, si mbili. Akavuta tena. Kitambi kikaachia, nikaanza kupanda, na hapo nikahisi kitu kimenidaka kiunoni: ndoano ya chuma ya kuning'inizia ndoo, imeingia kwenye mkanda. Nikapiga ukelele, "Simama!" kwa Kiswahili. Baghala wa Laconia, mkoa wa huko huko, atakijulia wapi? Mimi nikatoka. Suruali ikabaki. Tukaisikia ikitua majini, chubwi, pamoja na hundi yake.

Bukta ilikuwa ya Coastal Union, timu ya mpira ya kwetu Tanga. Wadogo mnaocheka, sisi tulichukua ubingwa wa ligi mwaka 1988. Shemeji hilo hakulitaja, yeye ni African Sports, watani wetu wa hapo hapo Tanga.

Yaliyobaki ni ya haraka. Nikateremka hadi langoni nimejifunga kitambaa cha meza cha bibi, nikapita mbele ya sanamu ya Yannis Ritsos, mshairi aliyezaliwa pale 1909. Watalii walikuwa wanapiga picha, lakini si yake. Benki ikatoa hundi nyingine baada ya makaratasi ya kutosha. Kodi ya uhamisho asilimia 3.09, ikalipwa. Mthibitishaji akausoma mkataba wote kwa sauti, tukasaini.

Suruali bado imo birikani. Mhandisi anasema kuingia kuitoa kunataka kibali, na kitakachotolewa humo kiorodheshwe. Fomu nimeijaza, kanirudishia. Penye "umri wa kitu" niliandika "mwaka jana, mtumbani". Anataka karne.