Kibao cha Stemnitsa na "hapo tu" ya kwetu

Jumapili iliyopita nimetiwa adabu na kibao cha mbao. Kipo Stemnitsa, kijiji cha nyumba za mawe kwenye milima ya Arkadia, huku Ugiriki, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari kutoka Athens ninakoishi. Kimeandikwa: Dimitsana, kilomita 12.5, mwendo wa saa tano. Nikakicheka. Mimi, mtoto wa Mlalo, niliyepanda na kushuka Usambara na ndala iliyofungwa waya, leo niambiwe kilomita kumi na mbili ni saa tano? Nikamwambia mwenzangu wa kazini, Mgiriki, kwamba aliyepima hii njia alikuwa na mama mkwe wake.

Tulitumia saa tano na dakika kumi. Hizo kumi ni za kahawa ya watawa.

Njia yenyewe ukiiona utasema umerudi nyumbani. Unateremka kwa mawe yaliyolainishwa na kwato za punda wa miaka mingi, unaingia bonde la mto Lousios, kijani juu, kijani chini, maji unayasikia kabla hujayaona. Wagiriki wa kale walisema mungu wao Zeus alipozaliwa aliogeshwa humo, ndipo mto ukapata jina la kuogea. Nilinawa uso tu, nikaelewa kwa nini yule mtoto alikua na hasira. Katikati ya jabali imebandikwa nyumba ya watawa ya Prodromou, kama kiota cha mbayuwayu. Hapo ndipo tulipopewa maji, kahawa na kitamu fulani chenye sukari ya unga, kikakuacha na sharubu nyeupe. Ng'ambo ya mto kuna nyingine kongwe, ya mwaka 963, imejificha kwenye mwamba kiasi kwamba bila kibao ningeipita.

Na hapo ndipo ninapotaka kufika. Kila njia panda, kibao. Umekatwa na kona, kibao kidogo kwenye mti kinakwambia tulia, hujapotea. Na vyote vinasema kweli! Kikisema saa moja na nusu, ni saa moja na nusu.

Sasa niambieni, kwetu ni lini umeuliza njia ukajibiwa ukweli? "Shikamoo mzee, kwa fulani ni mbali?" "Marahaba. Aah, hapo tu." Mkono unanyooshwa, midomo inachongoka kuelekea mlimani. Unapanda kilima cha kwanza. Unakutana na mama ana mzigo wa kuni, ngata imebonyea kichwani. "Hapo tu, mwanangu, umeshafika." Kilima cha pili. Watoto wanachunga mbuzi: "Hapo tuuu!" Ukisikia ile "tu" imevutwa, kaa chini ule ulichobeba, maana giza litakukuta njiani.

Najua mtakachosema. Huyo naye, amekwenda Ulaya kubeba maboksi, anakuja kutufundisha kutembea. Kwanza, ndiyo, nabeba maboksi, tena si kwa mafumbo, nafanya kazi ghalani na mgongo wangu ni shahidi. Pili, sisemi Wagiriki wana akili kuliko sisi. Ningekuwa nasema hivyo ningekuwa sijawahi kupanga foleni katika ofisi zao, nikaambiwa njoo kesho na mtu anayekunywa kahawa mbele yangu. Ofisini Mgiriki na Mtanzania ni mtu na ndugu yake. Ninasema kibao. Kibao tu.

Mwingine atasema kibao kikiwekwa kwetu, cha chuma kitauzwa kwa kilo na cha mbao kitapikia maharage. Hilo sina jibu. Nikiwa darasa la sita tulipelekewa kibao cha mradi wa maji, kikadumu kuliko maji, lakini si kwa muda mrefu.

Mwingine, na huyu ndiye ananiumiza kichwa, atauliza: kibao cha nini wakati watu wapo? Kwetu njiani huwezi kutembea dakika tano hujaulizwa wewe ni wa nani, unatoka wapi, mama hajambo. Ukipotea unapelekwa mpaka mlangoni. Ni kweli kabisa. Na mimi nikatazama: ile siku nzima tulikutana na wazungu wawili wenye fimbo za kutembelea, watawa, na mzee mmoja na mbwa wake. Basi. Stemnitsa madirisha mengi yamefungwa. Mwenzangu aliniambia babu zake walitoka milima hiyohiyo, wakaenda Athens, wengine Marekani. Hiyo njia sasa ni sehemu ya kwanza ya njia ndefu ya kilomita 75, inayounganisha vijiji mpaka Lagkadia, na ni ya kwanza Ugiriki kupewa hati ya ubora na shirikisho la watembeaji la Ulaya. Watu walijitolea kufyeka vichaka na kupigilia vibao, wageni waje, vijiji visife. Kwa maneno mengine, vibao vimekuja baada ya wenye njia kuondoka.

Kwa hiyo umeshinda? Bado. Maana mwaka 2009 tulimteremsha bibi kwa kitanda. Mvua ya masika, gari limekwama chini halipandi, wanaume sita wanapokezana, mimi nimeshika mguu wa kushoto wa nyuma na udongo unateleza kama sabuni. Bibi alikuwa anauliza kwa sauti ndogo, gari liko wapi. Na sisi sote, kwa pamoja, bila kupanga: hapo tu. Tulimjibu hivyo kwa muda wa saa tatu. Mara ya mwisho hakuuliza tena, akanitazama, na nilijua kwamba anajua. Yeye ndiye aliyekuwa anawaambia wengine hapo tu maisha yake yote. Alipona, msiogope, akaishi miaka mingine minne na ugomvi wake uleule. Lakini tangu siku hiyo neno hilo nikilisikia meno yananiuma. Wapo wanaosema ni neno la kumtia mtu moyo. Sawa. Ila aliyepanga zahanati ikae kule ilipokaa naye aliambiwa hapo tu, akaamini, kwa sababu hakutembea.

Basi tukakaribia Dimitsana. Tumepita vinu vya maji vilivyosaga baruti ya vita vya uhuru vya 1821, leo ni makumbusho, miguu imekwisha, jua linapungua. Kile kipande cha mwisho kinapanda bila huruma. Juu yetu yule mzee mwenye mbwa amekaa ukutani. Mwenzangu akamuuliza ni mbali? Mzee akanyoosha kidevu kuelekea juu: "Pende lepta." Dakika tano.

Zilikuwa ishirini na tano. Nilicheka mpaka nikakaa chini, mwenzangu akadhani nimepandwa na jua. Nikakitafuta kibao cha karibu. Kilisema dakika ishirini na tano.

Usiku nikampigia mjomba Mlalo kumsimulia. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akauliza tulibeba nini. Nikasema maji na mikate. Akauliza kule tulikokwenda kulikuwa na msiba. Hapana. Gulio? Hapana, mjomba, tulifika, tukanywa kahawa, tukarudi na teksi.

"Kwa hiyo gari lipo," akasema.