Waacheni Waswisi Wakaidi

Wachezaji wa vita vya mezani, yaani mchezo wa kuigiza vita vya kweli kwa vikosi vya askari wa sanamu ndogo, wana kanuni moja wanayoilalamikia kila kukicha: unarusha dadu, inatoka vibaya, na kikosi chako kinagoma kusogea, au kinajiondokea chenyewe kumvamia adui bila kukuuliza. Wengi wakicheza nyumbani huifuta. Mimi nasema ibaki, hasa kwa anayecheza vita vya Italia vya mwanzoni mwa karne ya 16.

Chukua Bicocca, nje ya Milan, tarehe 27 Aprili 1522. Jeshi la Ufaransa lilikuwa chini ya Lautrec, na tegemeo lake lilikuwa maelfu ya mamluki wa Uswisi, watu wa mikuki mirefu waliotisha Ulaya nzima. Upande wa pili Prospero Colonna, jemadari wa jeshi la Hispania na washirika wake, alikuwa amejichimbia. Mbele yake kulikuwa na barabara iliyodidimia, nyuma ya barabara boma la udongo, na juu ya boma mizinga pamoja na safu nne za Wahispania wenye bunduki za utambi.

Lautrec hakutaka kulivamia boma lile. Waliotaka ni Waswisi. Mishahara haijafika, wamechoka, wakamwambia achague: awalipe, awaache warudi kwao, au wapigane. Akakubali wapigane. Hata kungoja mizinga ya Wafaransa ilipige boma kwanza, hawakungoja. Waliofika barabarani walikuta kutoka chini hadi juu ya boma ni kimo kinachozidi urefu wa mikuki yao. Wakafa takriban 3,000.

Sasa mpe mtu upande wa Ufaransa, na Waswisi wawe watiifu. Atafanya nini? Atakaa. Atapanga mizinga taratibu, na Colonna naye atakaa, mpaka chai ipoe. Hapo hamjacheza Bicocca.

Wanaopinga husema dadu inawanyima ustadi. Ustadi upi? Kete za bao hazidai mshahara. Waswisi walidai, na jemadari wa zama zile alipimwa kwa namna alivyoishi na watu wa aina hiyo. Nashuku sababu yenyewe ni nyingine. Mtu amekesha akipaka rangi askari wa milimita 28, suruali zenye mipasuko, mguu mmoja mwekundu na mwingine mweupe, mikuki ya waya inayomchoma vidole kila akihamisha trei. Akishamaliza, hataki kuwaona wakifa kijinga. Namwelewa, lakini waliovaa suruali hizo walikufa hivyo hivyo.

Kanuni yenyewe iwe ya haki, hilo nakubali. Raundi mbili za mwanzo Waswisi watulie. Kuanzia ya tatu kila kikosi kirushiwe dadu, na kuwazuia kuwe kugumu zaidi kila raundi. Huku nyuma Lautrec awe na kazi nyingine: ndugu yake Lescun alizunguka na wapanda farasi mpaka darajani, akaingia nyuma ya kambi ya Colonna. Mchezaji wa Ufaransa apate pointi kwa daraja hilo, na kwa kila kikosi cha Waswisi atakachokitoa kabla hakijasambaratika, hata kama boma halikuguswa.