Lara Croft Ana Barabara, Bibi Titi Ana Foleni

Mji ninaoishi, Derby, Uingereza, una barabara yenye jina la mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa. Inaitwa Lara Croft Way. Ni kipande cha barabara inayozunguka katikati ya mji, si mbali na Normanton ambako wahamiaji tumejazana, na jina lake lilipigiwa kura na wananchi, barabara ikafunguliwa mwaka 2010. Walikuwa na majina mengine ya kuchagua. Wakamchagua dada wa mchezo wa kompyuta, mwenye kaptula na bastola mbili mapajani, kwa kuwa alibuniwa hapahapa na vijana wa kampuni iliyoitwa Core Design, mchezo ukatoka mwaka 1996 ukauzwa dunia nzima. Wenyeji wanamhesabu kuwa mtoto wa nyumbani.

Nilipokiona kile kibao mara ya kwanza nilicheka. Nilikuwa natoka zamu ya usiku, miguu imevimba, nikasema moyoni: wazungu bwana! Basi halijafika kituo cha pili nikakumbuka kwamba na sisi Dar es Salaam tuna barabara ya mwanamke wa shoka. Tena huyo wa kwetu alizaliwa, akala wali wa nazi, akaimba ngomani, akafungwa jela. Lakini mtajie mtu wa Dar jina la Bibi Titi uone kinachomjia kichwani kwanza. Foleni.

Nitafika kwa Bibi Titi. Nianzie kibanda umiza.

Chetu kilikuwa Magomeni, mwanzoni mwa miaka ya tisini: benchi za mbao, deki moja, televisheni moja, turubai la kuzuia jua na joto la kuchemshia chai. Ilikuwa ile miaka ya mgao wa umeme, kwa hiyo mara nyingi mkanda ulikatikia pale stelingi anapopanda ngazi kwenda kwa adui mkubwa. Hakuna aliyeondoka. Tulikaa gizani tunapiga benchi kwa viganja, "Malizia! Malizia!", mpaka mwenye kibanda aone mbao zake zitavunjika aende kuhangaika na jenereta. Nasema "tuli-" lakini kusema kweli mle ndani walikuwa wavulana. Mtoto wa kike kuonekana kibandani ulikuwa uhuni. Mimi niliingia kwa mgongo wa kaka yangu, kwa masharti mawili: nikae karibu na mlango, na mama asijue.

Stelingi hafi. Hiyo ndiyo sheria tuliyoijua kabla ya jedwali la kuzidisha. Atapigwa, atarushwa kutoka ghorofani, atatolewa risasi begani kwa kisu kilichochomwa motoni, lakini hafi. Tukitoka tunaigiza, wavulana wanagombania ustelingi, na mimi nina kazi yangu ya kudumu: kutekwa. Nafungwa kwenye mwembe kwa kamba ya kuanikia nguo, nasubiri kuokolewa. Siku moja walinisahau. Walipita watu na mpira, stelingi na maadui wote wakawafuata, nikafunguliwa na mama muuza mihogo saa ya magharibi.

Kisha ukaja mkanda wa Cynthia Rothrock. Sisi tulimwita Sinthia tu, kama jirani. Mmarekani, mwanamke mfupi, nywele za dhahabu, kabla ya sinema alikuwa bingwa wa mashindano ya kuonyesha mapigo na silaha za karate na kung fu kwa miaka mitano, 1981 hadi 1985. Hong Kong wakamwita, na picha yake ya kwanza, ya 1985, alicheza bega kwa bega na Michelle Yeoh, yuleyule aliyepewa Oscar mwaka 2023 akiwa na miaka 60. Sinthia alikuwa na teke moja: mguu unapanda kutoka nyuma, unapita juu ya kichwa chake mwenyewe, unamfikia usoni mtu aliyesimama mbele yake. Kibanda kizima kilinyamaza. Halafu kikalipuka.

Kesho yake nilikataa mwembe. Kaka alitoka damu puani, na mimi nikachapwa, si kwa sababu ya damu bali kwa kurusha mateke nikiwa na gauni.

Kwa hiyo kaka mmoja wa kundi letu la WhatsApp, Watanzania wa huku, alipoandika juzi kwamba sinema hizi za wanawake wenye ngumi zinawageuza mabinti zetu kuwa majike dume, nilijua nitajibu. Dada mwingine alikuwa ameshaniwahi kwa maandishi marefu kuhusu ukombozi. Nilisoma zote mbili nikaona hawa wawili wanatazama kioo cha televisheni, hakuna anayetazama nyumba ambamo kioo kimewekwa.

Nyumba ya kwanza ni hii ya huku. Mimi nalea wazee. Siku yangu ya kwanza kazini, kabla sijaonyeshwa hata choo kilipo, nilifundishwa kwamba ni marufuku kumnyanyua mzee peke yangu. Asiyeweza kusimama ananyanyuliwa kwa mashine, na mashine inaendeshwa na watu wawili. Ukionekana unamvuta mtu kitandani mwenyewe unaitwa ofisini. Mwanzoni niliona dharau. Mimi, niliyebeba ndoo za maji toka nina miaka minane? Sasa nimeelewa. Nina miaka 44, najikunja nafunga viatu vyangu bila kuguna.

Nikirudi nyumbani nafungua televisheni, naona wanawake wa huku wanafanya kila kitu peke yao. Stelingi wa kike wa kizungu hana mama wa kumtumia hela. Hana mtoto wa kuchukua shule saa tisa na nusu. Hana hata rafiki wa kike. Anaingia kwenye ghala lenye wanaume ishirini, anawamaliza, anafuta damu mdomoni kwa kiganja cha mkono, anaondoka na pikipiki. Lara Croft ni wa namna hiyohiyo: jumba kubwa, pesa za urithi, wazazi marehemu. (Wanasema kwenye michoro ya mwanzo alikuwa mwanaume. Sishangai.)

Nyumba ya pili ni ya kwetu. Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Mama alilea watoto watano kwa samaki wa Feri: saa kumi alfajiri yuko mnadani anasukumana na madalali, saa mbili ana beseni kichwani, mchana kutwa yuko mbele ya karai la mafuta. Watu walimsifu. Mwanamke wa shoka yule. Mama jembe. Mpaka leo kwenye sherehe akisimama kutoa zawadi, mshereheshaji lazima atamke "jembe" na ukumbi utapiga vigelegele. Lakini anasimama kwa kushikwa mikono na watu wawili. Mgongo umekwisha.

Nimelifikiria sana hilo neno nikiwa mbali. Huku stelingi wa kike anapewa silaha mkononi. Kwetu mwanamke anayesifiwa ndiye anakuwa kifaa chenyewe: shoka, jembe. Na jembe lina mpini, na mpini una mkono wa mtu. Hakuna anayeliuliza jembe kama limechoka.

Sasa washa televisheni ya nyumbani. Mwanamke wa sinema zetu, nyingi nilizoziona, analia. Analia sebuleni kwenye makochi mazuri, ameachwa, amelogwa na mke mwenzake, amegundua kitu kwenye simu ya mume. Sijawahi kumwona mama yangu akilia sebuleni. Muda angeupata wapi? Kwa hiyo ndivyo ninavyoona mimi, na kaka wa kundini anisamehe: huku, ambako kazini wanakataza kunyanyua mtu peke yako, wanaota mwanamke asiyehitaji mtu wa pili. Kwetu, ambako mwanamke ananyanyua peke yake tangu alfajiri, tunalipa kiingilio kumwona mwanamke aliyepata nafasi ya kukaa chini alie.

Binti yangu ana miaka 14 na amezaliwa hapa. Nilipomweleza hayo alisema, "Mama, ni sinema tu." Sawa. Lakini mwaka 2018 alipokuwa mdogo nilimpeleka kuangalia sinema ya Black Panther, tukaenda akina mama saba wa Afrika Mashariki na vitenge vyetu, na walipotokea wale walinzi wa kike wa mfalme, vichwa vimenyolewa, mikuki inagonga chini kwa pamoja, mmoja wetu akapiga kigelegele mle ndani ya ukumbi. Wazungu wakageuka. Yule anayeitwa Ayo anaigizwa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Ujerumani, na Mganda wa kundi letu alitutajia jambo hilo kama mara nne kabla taa hazijawaka. Kilichonigusa sikukijua siku ile, nilikipata baadaye jikoni: wale wanawake wanapigana kwa safu. Mmoja akianguka mwenzake anaziba pengo. Wawili kwa mashine moja.

Lara naye aliwahi kuletwa kwetu. Kwenye sinema ya 2003 anafika mpaka upande wa Kilimanjaro akifuata sanduku la Pandora, na baadhi ya picha zilipigwa Kenya. Watu wetu kazi yao ni kumwonyesha njia. Nimeishi huku miaka 19, bado nikiiona naongea na televisheni.

Bibi Titi Mohamed, basi. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule yake ilikuwa ndogo, sauti yake ilikuwa kubwa: alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, walipotaka kuwa na tawi la wanawake akapewa yeye. Angefanya kama stelingi wa huku, angezunguka peke yake na hotuba. Yeye aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini, akaongea nao kwa lugha yao, na kila kiongozi akaja na watu wake. Kwa muda wa miezi michache walikuwa wamejiandikisha wanawake elfu tano. Wauza maandazi, wapika pombe, watu ambao serikali ya mkoloni haikuwahesabu. Nikilisoma hilo huwa nasimama. Hiyo ndiyo picha ninayoitaka mimi: saa ya jioni, uwanjani, ngoma inalia, mwanamke mmoja anainua sauti na mamia wanaitikia, na polisi hawajui hata kama huu ni mkutano au harusi.

Na sehemu ya pili haina usafi wa sinema. Baada ya uhuru alikuwa waziri mdogo. Mwaka 1965 akashindwa ubunge. Likaja Azimio la Arusha, 1967, kiongozi hatakiwi kuwa na nyumba ya kupangisha, naye alikuwa nazo, akajiuzulu. Mwaka 1969 akakamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Nyerere, yuleyule aliyezunguka naye nchi nzima wakitafuta uhuru, akamwachia kwa msamaha. Alifariki mwaka 2000, Johannesburg. Kama alikuwa na hatia au hakuwa nayo, hapo ndipo sinema nzuri ingeingia. Hadithi ya Lara Croft imesimuliwa kwa michezo, kwa sinema, kwa vitabu vya michoro, na sasa kwa kibao cha barabara, na hakuna hata siku moja aliyolala selo akijiuliza rafiki zake wako wapi.

Mwaka jana nilimpeleka binti nyumbani. Tulikuwa kwenye bajaji tunatoka kumwona bibi yake, tukakwama Bibi Titi, karibu na Mnazi Mmoja, honi kila upande, muuza maji anapita kati ya magari na kreti kichwani. Binti akasoma kibao. "Huyu nani?" Kabla sijafungua mdomo, dereva, kijana wa miaka ishirini na kitu, akajibu kwa uhakika wote: "Mke wa Nyerere huyo."

Nikamwambia, mwanangu, hapana. Na kwa kuwa foleni ilikuwa haiendi popote nikaanza tangu Bomba. Nikaeleza wale elfu tano. Dereva akapunguza sauti ya redio. Nikaeleza Azimio na zile nyumba, akageuka mzima mzima akanitazama, mwenye gari nyuma yetu akapiga honi kwa hasira. Tukaanza kusogea. Tulipokunja kona ya kwetu nilikuwa nimefika mahakamani, jaji ameshatamka kifungo cha maisha, binti kanishika mkono. Bajaji ikasimama getini. Nikatoa hela, kijana hakuzipokea. Alizima injini.

"Malizia kwanza, mama," akasema. "Ndiyo ushuke."