Asilimia 21 kwa kila mwombaji: je, huo ndio usawa katika mgao wa hisa?

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza kwa umma hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom, yaani robo ya hisa zote za kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, na mgao ulipotangazwa, mwombaji binafsi wa Kenya alipata asilimia 21 tu ya alichoomba. Aliyeomba kiwango cha chini kabisa, hisa 2,000 kwa shilingi 10,000, aliambulia hisa 420, akawa wa kurudishiwa shilingi 7,900. Kila serikali au kampuni inapofikiria kuuza hisa kwa umma, swali la wakati ule hurudi: hisa zikiwa chache kuliko wanaozitaka, zigawanywe kwa kipimo gani?

Wanaotetea mgao huo wa uwiano, yaani kila mwombaji kupata asilimia ileile ya alichoomba, wana hoja nzito. Kipimo ni kimoja kwa wote, hakuna ofisa anayekaa mezani kuamua nani astahili na nani asistahili, na aliyeweka fedha nyingi hachukuliwi kama mkosaji kwa sababu tu ana uwezo. Katika nchi ambako watu wana sababu za kushuku kila orodha inayoandaliwa nyuma ya mlango uliofungwa, kanuni ambayo mtu yeyote anaweza kuihakiki kwa kalamu na karatasi si jambo la kubezwa.

Hata hivyo, nikilipiga hesabu jambo hili naona usawa huo unaishia kwenye karatasi. Tuchukue mtu aliyetaka hisa 100,000, akahisi mapema kwamba maombi yatafurika, kwa kuwa miaka miwili kabla alishaona watu walivyozigombania hisa za kampuni ya umeme ya KenGen. Mtu huyo anaomba hisa 500,000, anakopa benki sehemu kubwa ya shilingi milioni 2.5 zinazohitajika, na asilimia 21 inampa hisa 105,000. Amepata alichokitaka na ziada kidogo. Gharama yake ni riba ya muda mfupi. Mama mwenye kibanda cha mboga, ambaye shilingi 10,000 ndizo akiba yake yote, hana namna ya kuomba mara tano ya anachokihitaji. Asilimia ni ileile, lakini mmoja aliweza kuizunguka na mwingine hakuweza.

Njia ya pili ni kuanzia chini: kila mwombaji apewe kwanza kiwango cha chini kikamilifu, kisha kinachobaki kigawanywe kwa uwiano. Waombaji walikuwa zaidi ya 800,000. Hata kama wote wangepewa hisa 2,000 kila mmoja, zingetumika hisa bilioni 1.6 na ushei, ilhali fungu lililotengewa wawekezaji wa ndani lilikuwa asilimia 65 ya hisa zote zilizouzwa, yaani bilioni 6.5. Takriban robo ya fungu hilo ingetosha kuhakikisha kwamba hakuna aliyerudi nyumbani na hisa 420, na wenye fedha wangebakiwa na sehemu kubwa ya kugawana.

Njia hiyo nayo ina kasoro zake, na sitaki kuzipuuza. Ikijulikana kwamba wadogo watapewa kwanza, wakubwa watajigawa: fomu moja kwa jina la mke, nyingine la mtoto, nyingine la shemeji. Pia kampuni yenye mamia ya maelfu ya wanahisa wadogo hubeba gharama ya kudumu ya kutunza daftari, kuitisha mikutano mikuu na kulipa gawio dogodogo, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa. Gawio la mwaka 2010 lilikuwa senti 20 kwa hisa. Mwenye hisa 420 alistahili shilingi 84 kabla ya kodi, kiasi ambacho wengi hawaoni sababu ya kukifuatilia. Tena bei ilishuka chini ya shilingi 5 kabla mwaka 2008 haujaisha, hivyo kwa waliolazimika kuuza mapema, kupata kidogo kuliwapunguzia hasara. Lakini mwaka 2021 bei ilipita shilingi 40, na mwenye subira aliyenyimwa hisa 1,580 ana haki ya kuuliza kwa nini.

Kinachonifanya niegemee upande wa kuanzia chini ni asili ya mali yenyewe. Kampuni inapowauzia wanahisa wake wa sasa hisa mpya, kama Kenya Airways ilivyofanya mwaka 2012 kwa kutoa hisa 16 mpya kwa kila 5 alizonazo mtu, uwiano ndiyo haki, kwa kuwa unalinda sehemu ambayo kila mmoja alishainunua, pamoja na kura yake na gawio lake. Hisa za serikali ni jambo jingine. Kabla ya kuuzwa zilikuwa za wananchi wote, na hakuna raia aliyekuwa na fungu kubwa kuliko mwenzake.

Hila ya majina inaweza kupunguzwa kwa kulinganisha namba za vitambulisho na akaunti za hisa. Lililo la lazima zaidi ni kwamba kanuni ya mgao iandikwe kwa tarakimu kwenye waraka wa uuzaji na kwenye fomu yenyewe: maombi yakizidi mara mbili, wa hisa 2,000 atapata ngapi; yakizidi mara tano, ngapi. Mwombaji aisome kabla hajatoa akiba yake, na kabla benki haijamwandikia mkopo.