Nusu mita ya mjomba

Kikundi cha mjomba hapa Kirumba, Mwanza, kilitaka kuweka ziwani vizimba vya kufugia sato, na kizimba hakiwekwi popote tu, lazima ujue kina cha maji. Mimi, kwa kiherehere cha mtu mwenye wiki tatu za kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nikajitolea kuwachorea sakafu ya ziwa kwenye kompyuta, mabonde na rangi zake.

Tukaingia mtumbwini na kamba yenye jiwe, fundo kila mita. Mjomba anashusha, anahesabu, mimi naandika. Vituo 48, kina mita 3 hadi 12. Vipande vya mita nilikuwa nikivimeza kimyakimya, naandika namba nzima.

Usiku nikachora kwa Matplotlib, zana ya Python ya kuchorea. Nikachagua jedwali la rangi liitwalo "terrain": linaanza bluu nzito, linapita kijani, njano na kahawia, linaishia nyeupe ya kilele cha mlima. Namba za kina nikazitupia humo moja kwa moja, zipake kila kigae cha mchoro. Ziwa likatoka bluu tupu. Kwani ziwa lina rangi gani? Nikalala kama pono.

Asubuhi, hata shikamoo yangu hajaiitikia vizuri, mjomba kashika daftari.

"Hapa umeandika nane. Mimi nilisema nane na nusu."

"Mjomba, nusu mita tu hiyo..."

"Kamba nimeshika mimi. Weka nusu yangu."

Nikaweka 8.5, nikafunga laptopu, tukaenda kikaoni Mwaloni.

Nikaiweka juu ya kreti tupu la soda, watu wakajazana. Nikabonyeza. Sakafu ya ziwa ikachomoza nyeupe pee.

"Ni nini hiki?"

"Ugali," akasema mama mmoja wa dagaa. "Tena umeshabonyezwa katikati, unangoja mchuzi."

Jasho likanitoka. Kilichobadilika ni ile nusu tu! Nikaifuta. Bluu ikarudi, wakapiga makofi. Mwenyekiti hakupiga.

"Kijana, pale mita tatu na pale kumi na mbili rangi ni ileile. Sasa kizimba tuweke wapi?"

Usiku ule sikulala kama pono. Kumbe namba nzima huhesabiwa kama nafasi kwenye jedwali lenye rangi 256, na kuanzia 3 hadi 12 yote ni bluu ya mwanzoni. Ukichomeka desimali moja, orodha nzima inageuka ya desimali, na hapo jedwali linatarajia namba kati ya 0 na 1. Chochote kinachozidi 1 kinapewa rangi ya mwisho. Ugali. Dawa yake mstari mmoja: kina, toa 3, gawanya kwa 9, ndipo upake rangi.

Kesho yake rangi zilitawanyika, bluu ufukweni hadi nyeupe shimoni, na mwenyekiti akachagua mahali bila kuniuliza. Mjomba hakuwa na habari na rangi.

"Nusu yangu umeirudisha?"

"Nimeirudisha, mjomba."

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaitazama muda mrefu kuliko ziwa lote.