Dramu Haipandi Matatu

Saa mbili usiku klabu ilikuwa bado tupu, na mpiga dramu wa bendi ya kwanza alikuwa anazozana na baunsa mlangoni kwa sababu ya zulia. Zulia kuukuu la sebuleni, kalikunja kaliweka begani. Baunsa hakuelewa mtu anakujaje klabu na zulia. Aliyewahi kupiga dramu juu ya vigae angeelewa mara moja: bila kitu cha kuishikilia chini, ile ngoma kubwa ya mguu husogea kila unapoikanyaga, na ukifika wimbo wa tatu unaifukuza jukwaani kama kuku.

Ilikuwa Ijumaa, barabara ya pembeni ukitoka Ngong Road, Nairobi. Bendi tatu za roki zenye watu wanne wanne, kundi moja la vijana wawili wa muziki wa kielektroniki, na dada mmoja aliyekuja peke yake na laptopu kwenye mkoba wa shule. Kiingilio shilingi 500.

Wakati wa mapumziko, kule nje wanakovutia sigara, nilisikia tena ule ubishi ninaousikia tangu nikiwa chuoni: roki si muziki wetu, huu ni uzungu. Siku hizi siujibu. Benga, muziki wetu wa Kenya, bila gitaa la umeme ingekuwa nini? Zambia walikuwa na roki yao miaka ya sabini, wakaipa na jina, Zamrock. Hapa kwetu Just A Band walitoka Chuo Kikuu cha Kenyatta na kompyuta zao, wakatoa albamu ya kwanza mwaka 2008, na miaka miwili baadaye video yao ikamfufua Makmende, yule jabali wa kubuni wa mitaani, hadi nchi nzima ikawa inatunga vichekesho vyake. Hakuna aliyewauliza kibali cha ukoo. Swali la nani mwenye muziki halijawahi kuvunja bendi hata moja ninayoijua. Swali linalozivunja ni la nani mwenye dramu.

Nilimwomba mwandalizi anionyeshe hesabu ya usiku ule, akaniandikia nyuma ya risiti ya bia. Walioingia walikuwa 110. Waliolipa, 64. Hao wengine 46 ni "mimi niko na bendi", "mimi ni mpenzi wa mpiga besi", na "nimekuja kupiga picha" huku mkononi ana simu tu. Kwa hiyo zilipatikana shilingi 32,000. Kukodi dramu na amplifaya mbili, 15,000. Fundi mitambo, 6,000. Mabaunsa wawili, 3,000. Zikabaki 8,000 za kugawanya mara tano, kila jina kwenye bango likapata 1,600.

Sasa gawanya tena. Mwanaroki mmoja kwenye bendi ya wanne alirudi nyumbani na 400, ambayo haitoshi hata teksi, na mwenye gitaa hapandi matatu saa nane usiku. Wale vijana wawili walipata 800 kila mtu. Yule dada wa laptopu alibeba zote 1,600, akavaa mkoba wake, akapanda boda.

Simlaumu, amekokotoa vizuri. Ila ukitaka kujua kwa nini muziki wa pembezoni Afrika Mashariki umeegemea mashine miaka hii kumi, mimi naona jibu liko kwenye hiyo risiti kuliko kwenye ladha ya wasikilizaji. Chukua kundi la Duma. Lord Spikeheart na Sam Karugu walikuwa kwenye bendi za metali za Nairobi, magitaa na dramu kama kawaida. Walipoungana wakabaki wawili na mashine, na albamu yao ya mwaka 2020 ikatoka kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. (Msomaji wa Kiswahili hufikiria mnyama, wao jina wamelitoa kwenye Kikuyu, maana yake giza. Ila kwa kasi ile, mnyama naye hajakosea njia.) Ukisikiliza, metali haijaondoka. Kilichoondoka ni mtu wa kubeba matoazi. Dar es Salaam nao singeli, muziki wao wa kasi, ilikua uswahilini, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, kwa kompyuta na vipande vya taarabu vilivyokimbizwa kupita mapigo 200 kwa dakika. Mtaa ambao hauna ukumbi wala vyombo umezaa muziki usiohitaji ukumbi wala vyombo.

Neno hilo, vyombo, wazee wa dansi Tanzania walilielewa vizuri. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa, na magitaa na mitambo vilikuwa mali ya mwajiri. Hata baadaye watu binafsi walipoingia, mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi, na waimbaji walihama kumfuata mwenye vyombo bora. Sisi leo tunajiita bendi huru. Ni kweli, hakuna anayetupangia nyimbo. Lakini vyombo tumevikodi kwa saa, na hiyo ya saa ndiyo nitakayoirudia hapa chini.

Halafu kuna kelele. Mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza kusitisha leseni za klabu za usiku zilizo katika maeneo ya makazi, na majirani waliokosa usingizi walifurahi, nami nawaelewa. Ila klabu ikishaingiwa na hofu, roki ndiyo hutolewa kwanza. Laptopu ina kitufe cha kupunguza sauti. Dramu haina. Unaweza kumwomba mpiga dramu apige polepole. Atakubali kwa heshima zote, na kufikia kiitikio cha kwanza amesahau.

Ombi langu kwa wenye klabu ni dogo. Klabu ya kawaida ya mtaa wangu ina televisheni sita za kuonyeshea mechi. Uza tatu, nunua seti moja ya dramu iliyotumika, iweke jukwaani, na isiondoke. Kila mpiga dramu atakuja na matoazi na kanyagio lake mwenyewe, kama fundi anavyokuja na mwiko wake. Zile za kukodi dramu ziingie mifukoni mwa waliopiga. Na wewe uliyekuja na "mimi niko na bendi", kama unaipenda hiyo bendi, lipa 500. Mpiga besi atakupenda vilevile.

Nimesema nitarudi kwenye saa. Wapiga dramu wengi wa Nairobi wamejifunzia kanisani, na vyombo vingi vya kukodi hupata riziki yake huko huko. Saa tano na nusu, bendi ya mwisho ikiwa bado inafunga waya, mwenye dramu alifika na pikapu. Seti yake ilikuwa inahitajika kwenye kesha huko Rongai. Alikuwa mpole, akaomba radhi, akafungua parafujo moja moja na kuondoka nayo yote. Jukwaani likabaki zulia.

Bendi ilikaa kimya kidogo. Kisha yule dada wa laptopu, ambaye alikuwa ameshavaa koti, akauliza nyimbo zao zinakwenda kwa mwendo gani. Mpiga gitaa akamwimbia mdomoni, ta-ta-dum, yeye akatafuta kwenye kompyuta yake, akapunguza, akaongeza, akatikisa kichwa kukubali. Mpiga dramu alikwenda kaunta, akarudi na kreti tupu ya bia, akaigeuza juu ya zulia, akaketi chini na magongo yake.

Walipiga nyimbo nne. Ya tatu ilitoka ovyo kabisa. Ya nne iliwaingiza ndani hata wale wabishi wa sigara, na bia yangu ilipata moto mkononi nikiwa sijaigusa.