Ubani wa Mtoto Mchanga

Desemba haipiti Mombasa bila mahubiri dhidi ya zawadi, na hoja yenyewe ni hii: mamajusi, wale wataalamu wa nyota kutoka mashariki, walimpa zawadi Yesu, hawakupeana wao kwa wao. Vifurushi tunavyobadilishana, wasema wahubiri hao, havikutoka Bethlehemu. Vimetoka Roma, kwenye Saturnalia, sikukuu ya kipagani iliyoanza tarehe 17 Desemba, watu wakipeana mishumaa na vinyago vya udongo.

Hoja hiyo ina uzito, na waliowahi kuishika hawakuwa watu wa mzaha. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, likiwa mikononi mwa Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali, liliipiga marufuku Krismasi. Kule Massachusetts, kuanzia 1659 hadi 1681, aliyeisherehekea alitozwa faini ya shilingi tano. Walimwogopea Kristo asije akafunikwa na karamu yake mwenyewe. Nasi Mombasa hatuhitaji Warumi kuuona ubaya wa jambo hili. Mzazi hukopa ili watoto wavae nguo mpya, hulipa nauli ya bara iliyopanda, kisha shule zinafunguliwa na karo haipo. Hakuna Mkenya asiyelijua jina la Njaanuari.

Lakini nadhani wamelisoma andiko kwa haraka, na sisi watu wa pwani ndio tusiostahili kulisoma hivyo. Mathayo anasema wageni wale walifungua hazina zao, wakamtolea mtoto tunu: dhahabu na uvumba na manemane. Uvumba huo ni ubani, huu huu unaofukizwa kwenye vyetezo vya Mji wa Kale, ulioletwa kwa majahazi tangu zama kutoka pwani za Wasomali na Waarabu. Wasomaji wa mbali huhitaji tanbihi hapo. Sisi tunajua unavyonukia, na tunajua pia kwamba neno ubani lina maana ya pili: ni kile unachompelekea mfiwa. Manemane nayo inarudi mwishoni mwa Injili ya Yohana, pale Nikodemo anapouleta mchanganyiko wa manemane na uudi, yapata ratli mia, kuuzika mwili wa Yesu. Kwa hiyo mtoto mchanga alipelekewa vitu vya msibani. Zawadi ya kwanza ya Krismasi ilikuwa imeshajua mtoto huyu amekuja kutoa nini.

Tena tazama ilipopelekwa. Luka anasimulia kwamba wazazi wa Yesu walipompeleka hekaluni walitoa sadaka ya ndege wawili, na torati ya Walawi inaeleza kwamba hiyo ilikuwa sadaka ya mtu asiyemudu mwanakondoo. Dhahabu iliingia nyumba ya maskini. Mariamu akaipokea. Hatusomi kwamba alirudisha chochote, wala kwamba aliona haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, twasema, na mara baada ya wageni kuondoka familia hiyo ilikimbilia Misri usiku. Wapo wanaoamini dhahabu ndiyo iliyowalisha ugenini. Mathayo hasemi hivyo, nami sitamsemea. Ninachokiona ni kwamba Mwana wa Mungu alianza maisha yake kwa kupokea, na wanaotaka zawadi zifutwe hawana la kusema juu ya kupokea.

Kuna takwimu moja ambayo imenisumbua kwa muda mrefu. Mwaka 1993 mwanauchumi Mmarekani, Joel Waldfogel, aliwauliza wanafunzi wa chuo thamani ya zawadi walizopata sikukuu, akailinganisha na bei iliyolipwa. Akahitimisha kwamba kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi ya thamani hupotea, kwa kuwa mtoaji hajui mpokeaji anataka nini. Wapinzani wa zawadi huipenda sana, na kwa kweli inauma: kati ya kila shilingi elfu, mia moja hadi mia tatu na zaidi zimekwenda bure. Ila wanafunzi wale waliambiwa waitoe kando thamani ya kihisia kabla ya kujibu. Yaani waseme shati lina thamani gani, wakisahau ni la nani na kwa nini. Kwa swali hilo, leso ambayo bibi alichaguliwa kwa sababu ya jina lililoandikwa juu yake ni kitambaa tu. Na utafiti huohuo ulionyesha kwamba zawadi za marafiki hupoteza kidogo kuliko za jamaa wa mbali. Mimi naisoma kama lawama juu ya kutojuana, wala si juu ya kutoa. Dawa yake ni kumjua jirani.

Na hilo Mombasa tunalo. Idi, sahani ya pilau huvuka ukuta kutoka kwa jirani Mwislamu, na watoto wetu Wakristo hupata mkono wa Idi pamoja na wenzao. Krismasi sahani huvuka kurudi, kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu. Mhubiri atasema hii ni nipe nikupe, na atanisomea Luka 14, ambapo Yesu anakataza kualika wale watakaokualika nawe, bali maskini, vilema, viwete na vipofu. Andiko hilo ndilo silaha yake kali, kali kuliko Saturnalia, na sina namna ya kulikwepa: zawadi zinazozunguka baina ya wenye navyo hazijafika alikozituma Yesu. Lakini sahani haikuwa malipo. Ingekuwa malipo ingerudi siku ileile na pilau ileile, na jirani angejua kwamba amekataliwa.

Basi mimi nisingepunguza zawadi, ningehamisha tarehe. Mathayo anasema mamajusi walimkuta mtoto nyumbani, hataji hori, na makanisa ya magharibi huwakumbuka tarehe 6 Januari. Ni wakati ambapo shule zinafunguliwa Kenya. Makao ya watoto yameshawaaga wageni wa Desemba waliokuja na keki na kamera. Nikolao, askofu wa karne ya 4 wa Myra, mji uliokuwa katika Uturuki ya leo, husimuliwa kwamba aliwatupia mabinti watatu wa maskini pesa dirishani usiku, baba yao asijue zimetoka kwa nani. Juma hilo la Januari, Likoni na Kisauni, mjane anahesabu madaftari, sare na viatu, na bahasha isiyo na jina inaweza kupita chini ya mlango wake.